Kabla hujachagua mada ya akili mnemba maktabani, soma hapa

Mkuu, umeuliza utafiti wa akili mnemba kwenye ukutubi umeelekea wapi siku hizi, maana unatafuta mada ya tasnifu ya umahiri. Mimi ni mkutubi wa chuo, zaidi ya miaka kumi sasa, mingi nimeimalizia kwenye uorodheshaji, yaani kuandaa rekodi za vitabu kwenye katalogi.

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, tasnifu nyingi zinazofika mezani kwangu ni dodoso la "uelewa na mtazamo wa wakutubi". Zinazobaki zinahesabu makala za Scopus (hifadhidata ya makala za kitaaluma) na kuzichorea ramani kwa VOSviewer, programu ya kuonyesha makala zinavyohusiana. Sidharau, ila hapo pameshajaa.

Wenzetu Maktaba ya Taifa ya Finland walianza mwaka 2017 kutengeneza Annif, programu huria: unaipa maandishi ya kitabu, inakupendekezea vichwa vya mada, yaani maneno rasmi ya kusema kitabu kinahusu nini. Hakuna uchawi. Inafunzwa kwa rekodi ambazo wakutubi wamekwisha kuziandaa, kwa msamiati mmoja uliokubalika.

Sasa njoo kwetu. Mwaka jana, kwa udadisi tu, niliipa programu mojawapo ya kuchati vitabu ishirini vya Kiswahili inipangie namba za Dewey, zile zinazopanga vitabu rafuni kwa mada. Riwaya zikapita vizuri, 896.392, namba ya fasihi ya Kiswahili. Utenzi mmoja, ambao ni ushairi na ulipaswa kukaa hapohapo, ikautupa 297, Uislamu. Kuiuliza kwa nini, ikajibu kwamba kitabu kinamtaja Mungu tangu ubeti wa kwanza. Jamani, tenzi ngapi za zamani zinaanza bila Bismillahi? Nikacheka. Halafu nikafungua katalogi yetu: tenzi tatu zimekaa 297, kazi ya mikono ya watu. Mmoja niliuweka mimi mwenyewe, 2015.

Mada yako iko hapo. Chukua rekodi mia mbili za vitabu vya Kiswahili, wape wakutubi wawili waviainishe bila kuonana, kisha ipe programu vilevile. Anza kupima wakutubi wenyewe wanakubaliana kiasi gani, ndipo uihukumu mashine. Ukiruka hatua hiyo utakuwa unailinganisha na makosa yetu.

Rekodi zetu ziko kwenye Koha, programu ya kuendeshea maktaba, kuzitoa si kazi ya siku nzima. Njoo PM, ila uwe na barua ya chuo chako, bila hiyo mkuu wangu hasaini.