Bibi yake humpa biskuti, ami yake humfunga kamba

SWALI

Asalaam alaykum Bi Mkubwa. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa kijiji kimoja karibu na Wete, Pemba, nyumba moja na wakwe zangu. Mwanangu wa pili ana miaka 13. Ana usonji na ulemavu wa akili, husema maneno matatu manne tu. Tangu karafuu zianze kuchumwa, kila laasiri hujing'ata mkono mpaka ukatoka damu, na kichwa hukipiga ukutani. Wiki iliyopita alipindua jamvi zima la karafuu kavu, zikaingia mchanga. Mwalimu wake amenipa karatasi ya mambo ya kufanya nyumbani. Naifuata, lakini niko peke yangu. Mkwe wangu humpa biskuti ili anyamaze. Ami yake humfunga kamba ya mguu kwenye nguzo. Mume wangu anasema ni shetani, twende kwa mganga. Nifanye nini hata watu hawa wanisikilize? Na je, ni dhambi kwamba nimechoka?

Mama wa Wete

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu. Kabla ya jambo lolote, mtazame mtoto kinywani. Asiyeweza kusema "jino linaniuma" ataligongea ukutani. Mtazame na masikio, uliza lini mara ya mwisho alipata choo, mguse kama ana homa. Mtoto akibadilika ghafla, kituo cha afya ndio mwanzo, na hicho kidonda cha mkono nacho kinataka kusafishwa kila siku. Kama anatumia dawa za kifafa, mtu asimkatishe hata siku moja bila ya kauli ya daktari.

Sasa tuje kwenye karatasi ya mwalimu. Nimesomesha watoto wenye ulemavu wa akili hapa Unguja miaka 26, na karatasi kama hiyo nimeziandika nyingi. Moja hunichoma moyo mpaka leo. Nilimwandikia mama mmoja mambo kumi, nikamsomea, nikampa. Baada ya wiki tatu nikaenda kwao, nikaikuta imebandikwa ukumbini na hakuna aliyeifuata. Nilikasirika. Nikiwa nimekaa pale, dada yake yule mtoto, hata miaka minane hajatimiza, akanambia: "Mwalimu, kaka hulia jirani akiwasha mashine ya kukunia nazi." Jibu lilikuwa ndani ya nyumba ile siku zote. Sikumuuliza yeye wala sikumuuliza bibi yao. Nilichukua mambo ya darasani nikayapeleka kwenye nyumba nisiyoijua.

Kwa hiyo swali lako naligeuza. Kabla ya kutaka wakusikilize, waulize wewe. Mkwe wako anashinda naye mchana kutwa, ami yake ndiye anayemkimbilia akitoka mbio, na ndugu zake wanalala naye. Kila mmoja ana kipande cha habari ambacho wewe huna.

Najua huwezi kumwita mama mkwe kikaoni. Hata ungeweza, kikao kitamfanya kila mtu ajitetee. Lakini nyinyi jioni mnakaa jamvini mnachambua karafuu. Mikono ikiwa kwenye makonyo, vile vijiti vya karafuu, midomo huwa huru. Hapo hapo muulize: "Mama, wewe unaonaje, huanza wakati gani? Kabla yake huwa kuna nini?" Kisha nyamaza, endelea kuchambua. Asemalo usilisahihishe, hata kama unaliona si kweli.

Na yaandikeni kwa siku saba. Mpe daftari binti yako anayesoma skuli aandike saa, kilichotangulia, alichofanya kaka yake, na watu walifanya nini baada yake. Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau, nalo ndilo lenye siri. Mkwe wako kama haandiki, mpe kopo na kokoto, kila mtoto akianza kujiumiza atie kokoto moja. Bibi mwenye kopo lake mwenyewe huwa mtu wa kazi hii, si mtu wa kukemewa.

Mnachokitafuta ni anachokipata mtoto. Mara nyingi huwa anakimbia kitu kinachomkera, au anataka mtu amshughulikie, au anataka kitu fulani, au mwili wake wenyewe unapata nafuu kwa kile anachokifanya. Tazama laasiri ya kwenu wakati huu wa mavuno. Wachumaji wanarudi na magunia, watu wanagombea pishi, harufu ni kali, majamvi yametandikwa uani kote, pengine pale pale alipozoea kukaa yeye. Ndugu zake wote wana kazi, yeye hana. Ningekuwa hapo kwenu, ningeanza kuangalia lile jamvi alilolipindua lilitandikwa wapi.

Biskuti ya mkwe wako ni huruma, na ndivyo uizungumze. Tatizo ni saa yake. Ikija baada ya kelele, kelele ndizo zilizoinunua. Usimnyang'anye bibi furaha ya kumpa mjukuu. Mwombe ampe kabla ya laasiri, akiwa ametulia, na amfundishe kuiomba: ampe mtoto kifuniko cha kopo, akimrudishia mkononi, hapo hapo apate. Na kwa pale anapotaka kutoka kwenye makelele, tundikeni mlangoni kipande cha ukili, ule msuko wa kushonea mikeka. Akikishika, mtu anamtoa nje mara moja. Mara moja, narudia, hata kama pishi haijamalizika kupimwa. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Edward Carr na Mark Durand, walichapisha habari za watoto wanne waliofundishwa kuomba kile ambacho tabia zao ngumu zilikuwa zikiwapatia, na tabia hizo zikapungua sana. Wanao wengine wataielewa habari hii upesi kuliko watu wazima, waeleze.

Waambie wote mapema kwamba siku za mwanzo anaweza kuzidi. Kilichompa biskuti jana, leo hakimpi, basi atajaribu kwa nguvu zaidi. Siku ya tatu mmoja wenu akilainika, mtakuwa mmemfundisha kwamba kelele ndefu ndizo zinazofaa. Lakini kutompa biskuti si kumwacha aumie. Akipiga kichwa, weka mto baina yake na ukuta, bila ya maneno mengi wala ya kumgombeza, na mtu akae karibu mpaka apoe.

Kamba lazima ifunguliwe leo. Hapa sina upole. Moto ukiwaka hawezi kukimbia, ngozi inachubuka, na anajifunza kumwogopa ami yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka mtu mwenye ulemavu alindwe na ukatili hata ndani ya nyumba yake. Ila mumeo asimwendee nduguye kwa sheria. Amuulize: "Unaogopa nini ukimwacha wazi?" Atasema barabara, au kisima. Basi kisima kitiwe mfuniko, na laasiri, kabla ya saa ile ngumu, ami atoke naye kwa miguu, wapeleke makonyo, wachukue maji, lolote lenye uzito. Nimewaona vijana wa umri huo wakitulia kwa kubeba mzigo kuliko kwa kuambiwa "kaa". Naye ami atapata jambo la kufanya zaidi ya kufunga.

Mumeo usibishane naye juu ya shetani. Baba akitafuta sababu, mara nyingi anatafuta mahali pa kuweka huzuni yake. Akitaka mtoto asomewe dua, asomewe, nyumbani, kwa sauti ya chini, na mama yupo. Kupigwa, kufukizwa moshi, kufungwa, kunyimwa chakula, hayo kataa, na mtafute mzee wa kwao anayeheshimika akusaidie kukataa. Kisha mwombe mumeo aende skuli mwenyewe akae nusu saa darasani. Mwalimu naye umkaribishe jamvini. Akija, yeye ndiye awasikilize kwanza, na lile daftari la binti yako awekewe mbele yake kabla hajasema neno.

Umeniuliza kama kuchoka ni dhambi. Hapana, mwanangu. Umeamka usiku miaka 13. Kupumzika kwako ni sehemu ya mpango wa mtoto sawa na kile kifuniko cha kopo: usiku mmoja kila wiki mumeo alale na mtoto, na mkwe wako ajue. Anza Alhamisi hii. Nenda kwenu, kwa mamako, ule ulichopikiwa, ulale mpaka alfajiri. Ukirudi Ijumaa usiulize kwanza nini kimeharibika. Uliza kopo lina kokoto ngapi, kisha niandikie.