Mdogo wako aliyepoteza pasipoti Kampala

Pole sana, dada. Umeuliza mdogo wako aliyepoteza pasipoti Kampala atarudije nyumbani Mwanza. Kwanza mdogo wako apite kituo cha polisi cha hukohuko Kampala achukue taarifa ya upotevu, kwani ubalozi utaanza kuiuliza hiyo. Kisha aende Ubalozi wa Tanzania kuomba hati ya dharura ya safari. Asisubiri pasipoti mpya. Hiyo ataiomba Uhamiaji akishafika Mwanza.

Wewe uliyeko nyumbani ndiye mwenye kazi kubwa. Mtumie leo picha safi za cheti chake cha kuzaliwa, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), na ukurasa wa mbele wa pasipoti iliyopotea kama mna nakala. Kagua majina herufi kwa herufi: cheti kikisema Masanja na NIDA ikasema Massanja, anaweza kukwama, na huenda mkahitaji kiapo cha kuthibitisha jina mbele ya wakili.

Jambo linalosahaulika: muhuri wa kuingia Uganda umepotea pamoja na pasipoti. Atunze tiketi ya basi aliyoendea, maana mpakani Mutukula anaweza kuulizwa aliingia lini. Pasipoti ikionekana baadaye, tafadhali asisafirie tena, ikisharipotiwa inafutwa.