Jibu: Seva moja ikizimika, kompyuta zote zinaganda

Ndugu, nimekuelewa: hifadhi yako ya mafaili ina seva tatu, lakini ya kwanza ikizimika kila mtu anaganda ingawa mbili ziko hai. Nadhani kompyuta zote za watumiaji umezielekeza kwenye IP (anwani ya mtandao) ya ile ya kwanza. Hapo klasta, yaani hizo seva tatu kufanya kazi kama kundi moja, haikusaidii kitu.

Tumia anwani za IP zinazohama: seva ikianguka, anwani yake inachukuliwa na iliyo hai. Halafu kila seva ipe kebo mbili, kila moja kwenye swichi yake (kifaa cha kuunganisha kompyuta kwenye mtandao), kwa mtindo wa moja kazini, nyingine akiba. Mtindo huo hauhitaji kusanidi swichi. LACP, yaani mtindo wa kuunganisha kebo mbili zifanye kazi kama moja, nayo nzuri, ila hizo swichi mbili lazima ziweze kufanya kazi kama moja.

Mawasiliano ya seva kwa seva yatengee mtandao wao.

Ukiweka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti ya data) kuwa baiti 9000, iwe hivyo njia nzima. Mimi niliwahi kusahau mlango mmoja tu wa swichi: orodha ya mafaili inaonekana vizuri, ukifungua faili kubwa, kimya! Kwenye Linux pima kwa `ping -M do -s 8972` ikifuatiwa na anwani ya seva: inatuma pakiti kubwa bila kuikata (8972 na baiti 28 za vichwa vya pakiti ni 9000).

Usichomoe kebo kujaribu kabla ya kuwa na nakala rudufu. Na kama hujawahi kugusa mipangilio ya swichi, mwite fundi wa mitandao akae nawe siku hiyo.