Kupe wa majira ya baridi na vifo vya ndama wa musi huko Maine

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Nilikuwa mfugaji wa ng'ombe Uvira, mashariki mwa Kongo, kabla ya kuhamia Lewiston, katika jimbo la Maine, Marekani. Mwezi wa Aprili, tukiwa kazini kaskazini mwa jimbo, tulimwona musi, yule mnyama mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu, amekonda na manyoya yamemtoka shingoni na mabegani hadi akawa mweupe kama majivu. Wenyeji walisema ni kupe. Ni kupe gani huyo anayestahimili theluji? Je, ile ni ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe? Mbona hawamwogeshi dawa? Na nyama yake inafaa kuliwa?

JIBU: Ndugu msomaji, wenyeji walikwambia kweli. Huyo ni kupe wa majira ya baridi, ambaye jina lake la kisayansi ni Dermacentor albipictus, na ukimlinganisha na kupe uliyemzoea kwenye masikio ya ng'ombe utaelewa karibu yote uliyoyaona. Kupe wa kahawia anayeeneza ndigana kali huhitaji wanyama watatu katika maisha yake: hunyonya akiwa lava, yaani mchanga aliyetoka kwenye yai, na kuanguka, hupanda mnyama wa pili akiwa tunutu, yaani amekua kiasi lakini hajapevuka, na kuanguka tena, kisha hutafuta wa tatu akiwa amepevuka. Kupe wa Maine hupanda mara moja tu. Kati ya Septemba na Novemba lava wake hukwea vichaka na kungoja wakiwa wameshikana miguu kwa mamia, hivyo musi akigusa tawi moja huondoka na kundi zima. Wakishaingia manyoyani hukaa humo hadi Aprili, wakijivua na kukua, wakipashwa moto na mwili wa mnyama mwenyewe, na ndiyo maana theluji ya Januari haiwadhuru.

Hiyo si ndigana. Kinachomuua musi si kijidudu kinachoenezwa na kupe, bali ni kunyonywa damu. Kupe jike aliyeshiba hufikia ukubwa wa zabibu, nao hushiba karibu wote kwa pamoja, mwezi wa Machi na Aprili. Mahali musi alipolala usiku hubaki madoa mekundu juu ya theluji. Katika utafiti uliofanywa Maine na New Hampshire kati ya mwaka 2014 na 2016, ndama waliofungwa vifaa vya kuwafuatilia walikutwa na wastani wa kupe wapatao 47,000 kila mmoja, na asilimia 70 kati yao walikufa. Ndama hao walikuwa hawajatimiza mwaka. Miezi yote ya baridi walikuwa wakila vijiti vyenye protini kidogo, na mwili usio na protini hauwezi kutengeneza damu mpya kwa kasi inayolingana na ile inayonyonywa. Musi mzima kwa kawaida hupona, ingawa hujikuna na kujisugua kwenye miti mpaka manyoya yanakatika na kubaki mashina yake meupe. Ule weupe uliouona ndio huo.

Naomba uizingatie sana miezi ya Oktoba na Novemba, kwa kuwa hatima ya ndama huamuliwa wakati huo. Theluji ikianguka mapema, lava huuawa wakiwa bado vichakani. Ikichelewa, hupata wiki kadhaa zaidi za kumngoja mpitaji, na kadiri musi wanavyokuwa wengi ndivyo wapitaji wanavyozidi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2021 Maine ilianza kuongeza uwindaji wa majike katika eneo moja la kaskazini, ili ionekane kama kupunguza musi kutapunguza kupe. Najua ni vigumu kwa mfugaji kukubali kwamba mnyama auawe ili wenzake wanusurike, lakini hoja yenyewe ina msingi.

Kuhusu josho, wazo lako lina mantiki, kwani kwa kupe anayepanda mara moja tu, dawa ya mara moja wakati wa vuli ya huko, Septemba hadi Novemba, ingeweza kutosha. Tatizo ni kwamba musi hutembea peke yake au na ndama wake msituni, hakusanyiki kama ng'ombe, na miezi ambayo dawa ingehitajika ndiyo miezi ya uwindaji, ambapo nyama yenye mabaki ya dawa ingefika mezani kwa watu.

Nyama inaliwa bila shaka yoyote. Kupe huyu hashambulii binadamu ila kwa nadra, na hajulikani kumwambukiza ugonjwa. Ila ukigawiwa sehemu ya mnyama aliyewindwa kihalali, usichukue maini wala figo, hata kama kwetu ndizo huandaliwa kwanza: wataalamu wa afya wa Maine wanashauri zisiliwe, kwa sababu hukusanya kadimiamu, metali yenye sumu isiyoondoka kwa kupikwa.