Jibu: Noah SR40 ya mkononi, hapa Tanga

Mkuu, umeuliza kama Toyota Noah SR40, ile van ndogo, inafaa familia ya watu saba. Inafaa, ila injini yake imejificha chini ya viti vya mbele, wengi huisahau mpaka ichemshe. Nenda asubuhi ikiwa baridi kabisa, fungua rejeta: ukiona oili inaelea majini, gasketi ya hedi (inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake) imekufa, achana na gari hilo. Mkanda wa taiming, unaopatanisha mizunguko ya ndani ya injini, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Muuzaji asipojua ulibadilishwa lini, kata bei, ubadilishe pamoja na pampu ya maji.

Halafu chumvi ya bahari, huozesha bati. Ingia uvunguni na bisibisi, gongagonga kizingiti cha chini ya milango na reli ya mlango wa kuburuza. Bisibisi ikizama, huo ni uozo wa kutu uliopakwa rangi. Oili ya gia ikinukia kuungua, usiulize hata bei.