Shangazi, nataka kuacha kazi nitredi opsheni, mke wangu hataki kusikia

"Shangazi shikamoo. Mimi ni Mtanzania, niko Dallas huu mwaka wa saba, napiga shifti ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mke anasoma unesi, tuna watoto wawili. Toka Mei 2025 natredi opsheni za hisa za Marekani, ile mikataba ya haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa mpaka tarehe fulani, nanunua koli (zile za haki ya kununua) za makampuni ya chipu, niliweka dola 2,000 na mwisho wa Julai zilikuwa 5,600. Tuna akiba nyingine ya 18,000. Nimeandika mpango wa biashara kabisa: nafungua LLC (kampuni ndogo), naacha kazi Desemba, lengo dola 400 kwa siku. Kaka yangu wa Mwanza na jamaa wawili wa kanisani wanataka kunipa hela zao niwazungushie. Kuna mwalimu WhatsApp anafundisha kuuza opsheni kwa dola 1,500, anaiita mshahara wa kila wiki. Mke kakataa katakata, anasema 11,000 ya hiyo akiba ni ya kuezeka nyumba yetu Kibaha. Tumenuniana wiki ya pili sasa. Nimwambieje anielewe? Baba Wawili, Dallas."

Marahaba mwanangu. Umeuliza umwambieje mkeo akuelewe, mi nimesoma barua yako mara mbili nikaona mkeo kakuelewa vizuri tu, ambaye hajauelewa mpango ni wewe uliyeuandika. Usininunie na mimi, kaa hapo nikwambie, maana hapa Marekani nimejaza fomu za kodi za Waswahili wenzetu miaka mingi, kila Februari wananiletea makaratasi ya mabroka, ya waliopata na ya waliolia nayaona yote.

Tuanze na hiyo 400 kwa siku. Soko linafunguliwa kama siku 21 kwa mwezi, kwa hiyo unataka 8,400 kila mwezi, na mtaji wako hata ukichanganya ile 5,600 na akiba yote pamoja na bati za Kibaha ni 23,600. Yaani hela izae karibu asilimia 36 kila mwezi, halafu mwezi unaofuata tena, halafu tena, na wewe wakati huohuo unaila yote kwa renti na chakula kwa hiyo haikui. Kuna watu wana ofisi zao Chicago na makompyuta ya kutisha, wakipata asilimia 20 kwa mwaka mzima wanapeana mikono. Hiyo 400 nahisi umechukua bili zako ukagawanya kwa siku, na soko halijui unalipa renti kiasi gani.

Ngoja nikuwekee ya kawaida uone. Hisa iko dola 60, unauza puti ya 55 ya mwezi mmoja, yaani unampa mwenzako haki ya kukuuzia hisa kwa 55 hata zikishuka, unapewa senti 80, mkataba mmoja ni hisa 100 kwa hiyo mkononi ni dola 80, na broka anakushikia 5,500 kama dhamana. Kwa 23,600 zako utafungua mikataba minne ya hivyo, dola 320. Kwa mwezi mwanangu, mwezi mzima, sio siku, na hapo nimeassume hisa haijaporomoka, maana ikienda 40 unalazimika kuzinunua zote kwa 55.

Sasa hizo 3,600 ulizopata. Hongera, sikunyang'anyi furaha yako, ila Mei Juni Julai mwaka huo soko lilikuwa linapanda tu na hisa za chipu ndo zilikuwa mbele, aliyenunua koli yoyote alionekana ana akili. Ungeanza mwezi mmoja nyuma tungeongea mengine. Tarehe 3 na 4 Aprili 2025 baada ya Trump kutangaza ushuru, S&P 500, kile kipimo cha hisa za makampuni makubwa 500 ya Marekani, ilidondoka zaidi ya asilimia 10 kwa siku mbili, halafu tarehe 9 alivyosogeza ushuru mbele ikaruka asilimia 9.5 kwa siku moja, kwa hiyo mwenye koli alikatwa ya kwanza na aliyekimbilia puti kwa hasira akakatwa ya pili. Wewe hiyo hujaionja bado.

Na koli ina jambo ambalo soko likipanda hulioni. Hisa iko 100, unanunua koli ya 105 kwa dola 2, yaani umetoa 200. Siku ya mwisho hisa iko 106, umebashiri sawasawa kabisa, imepanda asilimia 6, na koli yako ina thamani ya dola 1, umepoteza nusu ya hela ukiwa sahihi. Siku zinaila kidogo kidogo hata ukiwa umelala, na ukinunua siku moja kabla kampuni haijatangaza mapato ndo unainunua kwa bei iliyovimba, kesho yake uvimbe unashuka hata kama hisa imepanda. Halafu kuna ile ya Ijumaa: koli ikiisha muda ikiwa ndani, yaani hisa iko juu ya bei ya koli, hata kwa senti moja inatekelezwa yenyewe, unajikuta unatakiwa kununua hisa 100 kwa 10,500 na akaunti yako ina 5,600, mabroka wengi wakiona hivyo wanakuuzia kwa nguvu mchana wa Ijumaa kwa bei yoyote watakayoikuta. Hili umeliandika kwenye mpango wako? Sijaliona.

Huyo mwalimu wa mshahara wa wiki ndo ananitisha kuliko wote. Kuuza opsheni bila kinga ni kujigeuza kampuni ya bima isiyo na hela ya kulipa ajali, wiki nyingi unakusanya vimichango vidogo vidogo unajisifu, siku likigongana basi unauza mpaka sofa. Florida, mjini Tampa, kulikuwa na kampuni inauza opsheni za gesi asilia kwa niaba ya wateja, mtindo huohuo, miaka inaenda wanapokea. Novemba 2018 bei ya gesi ikaruka ghafla, wateja wakafutiwa akaunti zote na wengi wakabaki wanadaiwa na broka juu yake, bosi akatoa video analia. Hawa walikuwa wazoefu wa miaka sio wa miezi mitatu. Hiyo 1,500 usimpe. Options Industry Council wanafundisha bure mtandaoni, tena vizuri, na kile kijitabu cha hatari za opsheni ambacho broka alikupa siku anakufungulia akaunti, ambacho najua ulibonyeza nimesoma bila kusoma, kirudie taratibu ukiwa off.

LLC nayo naisikia kila mwaka. Mtu anafungua LLC anadhani sasa ni mfanyabiashara, IRS, watu wa kodi wa Marekani, hawaangalii hilo, wanaangalia kama unatredi kwa wingi, mara kwa mara na mfululizo, na ukiwa hufikii hapo we ni mwekezaji tu mwenye jina zuri kwenye karatasi. Faida yako ya miezi mitatu inakatwa kodi kama mshahara kwa hiyo sehemu ya hizo 3,600 sio yako, itenge sasa hivi. Na ukipata hasara usifikiri yote inapunguza kodi, ikishamaliza faida zako za soko unaruhusiwa kutoa 3,000 tu kwa mwaka dhidi ya mshahara, inayobaki unaivuta miaka ya mbele. Ukiuza kwa hasara ukainunua tena ileile ndani ya siku 30, hiyo hasara hawakuhesabii kwa sasa. Nimeona watu wamelia mbele yangu kwa hicho kipengele.

Kuacha kazi. Hapa nisikilize hata kama mengine utayapuuza. Umesema mke anasoma, kwa hiyo bima ya afya ya watoto naamini iko kwenye kazi yako. Ukiondoka unaweza kuendelea nayo kwa muda kwa sheria inayoitwa COBRA ila unailipa nzima mwenyewe, ile sehemu mwajiri alikuwa anaibeba kimyakimya nayo inahamia kwako, uliza HR wakupe namba kamili kabla hujaandika barua ya kuacha. La pili, pensheni ya Social Security inataka pointi 40, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya 4, ni miaka 10 ya kazi. Wewe uko wa saba. Faida za kutredi hazihesabiwi hata pointi moja. Umebeba wazee wa watu usiku miaka saba mgongo unauma, leo uache ikiwa imebaki mitatu? Hapana jamani.

Kaka na jamaa wa kanisani, jibu ni hapana, na sitarefusha sana. Akaunti ni ya jina lako, faida yote inaandikwa kwako na kodi unadaiwa wewe, mabroka hawaruhusu akaunti binafsi ibebe hela za watu, na kukusanya hela za watu uwazungushie kwa malipo ni kazi yenye usajili na sheria zake, hata kama ni ndugu. Hayo ni ya kisheria. Ya kindugu unayajua mwenyewe, kaka yako hatasema soko limeshuka, atasema umekula. Wabongo hatujasahau ule upatu wa DECI wa kupanda mbegu ulivyofungwa 2009, watu waligombana ndugu kwa ndugu, sasa wewe hutapeli mtu ila akaunti ikisoma sifuri nani atakaa kutofautisha?

Haya, mkeo. Sidhani kama amekataa kutredi, amekuuliza tukipoteza tunaishije, na wewe ukamjibu kwa kumwonyesha mpango wenye mapato tu ambao hauna hata mstari mmoja wa hasara. Mi pia ningenuna. Halafu 11,000 ya bati mmeiweka wote wawili, kwa hiyo sio mtaji wako ni hela ya watu wawili ambayo mmoja wao amesema hapana, mada imeishia hapo. Kamwambie umekosea kuihesabu, kwa maneno hayohayo, usizunguke.

Baada ya hapo andika mpango mwingine, mfupi. Kazi inabaki. Kwenye ile 5,600 toa 2,600, humo ndani, ya kodi kaa nayo pembeni na inayobaki irudi nyumbani, ibaki 3,000 ya kutredi na hauongezi hata senti mwaka mzima. Tumia spredi, yaani unauza opsheni moja na hapohapo unanunua nyingine ya kukukinga, ambazo hasara yake unaijua kabla hujaingia, mfano spredi ya upana wa dola 1 ukipokea senti 35, ya juu kabisa unayoweza kupoteza ni dola 65, na ziwe wazi mbili tu kwa wakati mmoja. Chagua zenye pengo dogo kati ya bei ya mnunuzi na muuzaji, maana ukikuta 1.10 kwa 1.40 umeshaacha dola 30 mlangoni hata hujakaa. Akaunti ikigusa 2,000 unafunga mpaka mwaka uishe, na hiyo 2,000 ndo ile uliyoanza nayo kwa hiyo hamna aliyekufa.

Na usingizi, karibu nisahau. Soko kwenu Dallas linafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, wewe ndo umetoka shifti macho mekundu, na hiyo nusu saa ya kwanza bei zinaruka kama wazimu. Naomba usibonyeze kitu saa hiyo. Chukua zenye siku 30 mpaka 45 mbele, weka oda ukiwa umeamka umekula, kaiache ifanye kazi. Kila mwisho wa mwezi mkeo afungue akaunti mwenyewe kwa simu yake, aone namba bila wewe kumsimulia, na Agosti mwakani mlinganishe na hela hiyohiyo ingekuwa wapi kama mngeiweka tu kwenye mfuko wa S&P 500. Nakwambia mapema wengi huo mlinganisho unawaumbua. Kama wewe umeushinda, na umepitia angalau shuka moja mbaya, niandikie tena tuongelee kuongeza, kwa wakati huo mkeo naye atakuwa karibu kumaliza unesi na hesabu ya nyumba itakuwa nyingine kabisa.

Kaka yako mpigie leo kabla hajatuma chochote, usimwachie voisi nouti. Ukiingia shifti saa tano usiku, Mwanza ni saa moja asubuhi, atakuwa ameshaamka.