Nimechoka na vidonge, je, naweza kuviacha?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 44 na ninaishi Kisasa, Dodoma. Miezi 7 iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kulifanya tumbo kuwa kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo kwa chini. Kila asubuhi ninameza vidonge vyote kwa mkupuo, vya madini ya chuma, kalsiamu na vitamini, nikivishushia kwa chai ya rangi. Uzito umepungua na nguvu ninazo. Je, naweza kuviacha? Magoti yakiniuma hununua diklofenaki dukani.
Mama wa Kisasa

JIBU: Marahaba, mama. Nimefurahi kusikia kuwa una nguvu, lakini ninakuomba sana usiviache. Vidonge hivyo hukupewa kwa ajili ya kuponya kidonda; vinaziba pengo lililoachwa na upasuaji wenyewe, nalo ni la maisha yote. Chakula chako sasa kinaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo mdogo, ambako madini ya chuma na kalsiamu hufyonzwa zaidi, na kifuko kilichobaki hakitoi asidi ya kutosha wala ile protini inayoisaidia vitamini B12 kuingia mwilini. Nguvu unazozisikia zisikudanganye, kwani ini huweka akiba ya B12 inayoweza kudumu miaka kadhaa. Ikiisha, huja upungufu wa damu na ganzi ya miguu ambayo pengine haitaondoka hata ukitibiwa. Mlenda na mchicha endelea kula, ila kwa vijiko vichache unavyoweza kula sasa, havitoshi.

Kinachonitia wasiwasi ni hicho kikombe cha chai. Chai huyashika madini ya chuma yakapita bila kufyonzwa, na kalsiamu nayo huyazuia, kwa hiyo huenda kidonge chako cha chuma hakikufaidii sana, ingawa unakimeza kwa uaminifu kila siku. Kimeze kwa maji, chai isubiri walau saa 1, na kalsiamu ikae mbali nacho kwa saa 2 au zaidi. Kalsiamu kwa kawaida huhitajika miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, lakini mwili haupokei vizuri zaidi ya 500 au 600 kwa mara moja, hivyo igawe. Mwulize mfamasia kama ni ya aina ya sitrati, kwa kuwa aina ya kaboneti huhitaji asidi ambayo kwako ni haba. Hospitali nayo ikupime damu kila mwaka, hata usipoumwa.

Diklofenaki iache leo, pamoja na ibuprofeni. Dawa hizi huweza kuleta kidonda pale kifuko kilipoungwa na utumbo, nacho kinaweza kuvuja damu au kutoboka. Kwa magoti, parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi, na umweleze daktari wako maumivu hayo. Ukipata choo cheusi kama lami au maumivu makali ya tumbo, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.